Boksi la Chaki

Nilipangiwa kufundisha wilayani Muleba mwaka 1998. Watoto wa darasa la sita niliowakuta hawakuwahi kuishi hata siku moja bila ugonjwa wa UKIMWI, maana wagonjwa watatu wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani humo, Kagera, mwaka 1983. Wazee bado waliuita Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Watoto walisema "ngoma", tena kwa kunong'ona.

Nami nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nilibandika ukutani picha ya fuvu, nikaandika ubaoni kirefu cha UKIMWI, kisha nikawaitikisha. "UKIMWI!" "Unaua!" "Dawa yake?" "Hakuna!" Waliitikia vizuri mno. Kondomu sikuitaja. Nilikuwa nimeonywa kwamba wazazi watasema tunawafundisha watoto wao uhuni. Nikiwakumbuka wale wasichana wa miaka 14, waliokuwa wakiviziwa na wanaume wenye pesa za sangara kule mwaloni, kimya changu kinaniuma hadi leo.

Muhula wa pili nilitoboa boksi tupu la chaki, nikawaambia waandike maswali bila kutaja majina. Yalikuja niliyoyatarajia: kama mbu anaambukiza, kama msichana anaweza kupata mimba siku ya kwanza. Karatasi moja ilikunjwa mpaka ikawa kama punje ya harage. "Mwalimu, mimi ndiye ninayemwogesha mama. Ana vidonda. Na mimi nitakufa?"

Niliwatazama wote 52. Aliyeandika angeweza kuwa yeyote kati yao, na hilo ndilo lililonitia baridi. Nilikuwa nikiwafundisha kuogopa kitu ambacho nyumbani walikuwa wakikinywesha uji na kukifulia shuka. Kila darasa lilipoitikia "Unaua!", kuna mtoto aliyekuwa akimtangazia mama yake kifo.

Nilibandua fuvu. Dawa za kufubaza virusi zingeanza kutolewa bure miaka sita baadaye, kwa hiyo kuhusu mama zao sikuwa na la kuwaahidi. Niliwaambia nililolijua. Kula sahani moja na mgonjwa hakuambukizi, wala kulala naye kitanda kimoja, wala kumkumbatia. Damu na vidonda ndivyo vya kuangalia. Usiviguse kwa mkono mtupu. Kama huna glavu, vaa mfuko wa rambo usiotoboka, kisha unawe kwa sabuni.

Tulifunga mdoli mkubwa wa majani makavu ya mgomba, tukamlaza juu ya meza, tukafanya mazoezi. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja akanisahihisha: "Hapana, mwalimu. Kwanza unamgeuza ubavu, ndipo unavuta shuka." Akaja mbele akaonyesha. Wengine wanne wakatikisa kichwa kukubali. Ndivyo walivyofanya hata wao.

Jumatatu iliyofuata boksi lilikuwa na karatasi moja tu, na safari hii haikukunjwa sana.

"Jana nilikula naye."