HOMA SIYO MALARIA TU (Sehemu ya 4): Dawa iliyofichwa kwenye fundo la kanga

Sehemu iliyopita tuliongelea kuchanganyikiwa baada ya kujifungua, na wengi mmeniuliza, "Nesi, zile dawa za akili zina madhara gani?" Leo najibu kwa kisa cha huku kwetu Ugalla. Mwenyewe ameniruhusu kukisimulia, ila jina naliacha.

Ilikuwa Oktoba, lile joto la kabla ya mvua mnalijua. Binti mmoja, mtoto wake ana wiki sita, aliletwa na mama mkwe kwa bodaboda. Joto la mwili nyuzi 39.4, jasho linamtiririka, haongei. Nikampima malaria kwa kipimo cha haraka, kikasoma chanya. Nikauliza pale pale, benchi limejaa watu: "Kuna dawa yoyote anatumia?" Mama mkwe akajibu haraka, "Hakuna, nesi."

Basi nikaanza kuandika dawa mseto. Huku kwetu homa ni malaria, ndivyo tulivyozoea. Nikasema ngoja nimpime presha kwanza. Nashika mkono nimfunge kile kitambaa, mkono haukunjiki. Mgumu kama mpini wa jembe. Moyo wangu ukashtuka.

Nikamwita mama mkwe nje, chini ya mwembe, tuko wawili tu. Nikasema, "Shikamoo tena mama. Naomba uniambie, hapa hakuna anayetusikia." Akafungua fundo la kanga, akatoa pakiti mbili: haloperidoli na klopromazini. "Alipewa mjini, ana siku kumi nazo. Ningesema pale mbele, leo hii kijiji kizima kingejua mke wa mwanangu ana kichaa."

Nilipouliza zaidi, kumbe malaria alishatibiwa wiki tatu nyuma. Kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa hata kama wadudu wameshaisha mwilini. Mimi nilikuwa nakaribia kumrudisha nyumbani, akameze dawa mseto na usiku aongezewe haloperidoli nyingine.

Tulitafuta gari, akapelekwa Mpanda siku hiyo hiyo. Dawa zikasimamishwa, akawekewa dripu, akapoozwa mwili. Mtoto alibaki na bibi yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Homa kwa mtu anayetumia dawa hizi inaweza kuwa malaria kweli. Lakini kuna mambo mengine mawili, yote ni nadra, na yote yanaua yakicheleweshwa.

La kwanza ndilo lililompata binti yetu. Dawa hizi zinazuia kazi ya kemikali moja ya ubongo, dopamini. Kwa watu wachache mwili unavurugika: homa kali, misuli inakakamaa, jasho jingi, anachanganyikiwa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Mara nyingi hutokea wiki mbili za mwanzo, au dozi ikipandishwa haraka.

La pili ni kinga ya mwili. Chembe nyeupe za damu ndizo askari wetu. Baadhi ya dawa za akili zinaweza kuwamaliza hao askari. Inayojulikana zaidi ni klozapini: mwaka 1975 kule Ufini wagonjwa wanane walifariki kwa sababu hiyo, ndiyo maana anayeanza klozapini hupimwa damu mara kwa mara. Klopromazini nayo inaweza, ila mara chache sana. Dalili zake ni homa, koo kuuma, vidonda mdomoni. Kipimo cha malaria hakionyeshi jambo hilo hata kidogo, lazima chembe za damu zihesabiwe.

Na joto letu hili la Katavi msilisahau. Klopromazini inafanya mwili ushindwe kujipooza, kwa hiyo mgonjwa asishinde juani shambani. Kivuli na maji ya kutosha.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Mgonjwa wa dawa za akili akipata homa, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Msianze na panadol mkisubiri kesho.
2. Beba pakiti zenyewe, mpe nesi mkononi. Hata dawa mseto ikihitajika, lazima tujue, maana ikikutana na baadhi ya dawa hizi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.
3. Akiwa na homa na amekakamaa, usimpe dozi inayofuata mpaka aonwe.
4. Kama hana tatizo, ASIACHE dawa kwa sababu ya post hii. Ugonjwa ukirudi nao unaua, mama na mtoto.

Na mimi nilijifunza langu. Yule mama mkwe watu wanamlaumu kwa kuficha, lakini mimi ndiye niliyemuuliza mbele ya benchi zima. Siku hizi swali la dawa nauliza mlango umefungwa.

Binti alirudi baada ya wiki tatu, akaja kuanzishiwa dawa nyingine kwa dozi ndogo, chini ya uangalizi. Juzi kaleta mtoto kwenye chanjo ya surua, ya miezi tisa. Pakiti ya dawa kaiweka juu ya kadi ya kliniki, wazi kabisa.

Sehemu ya 5: je, anayetumia dawa hizi anyonyeshe? Ulizeni maswali yenu hapa chini.