Mwanangu si mtukutu

Wasomaji, leo naweka msimbo kando. Kijana wangu ana miaka 7. Shuleni walitaka nimhamishe kwa sababu hatulii. Mamangu akasema fimbo itamtuliza. Mimi nikampeleka kwa daktari wa watoto.

Nilidhani atatolewa damu. Kumbe ADHD haina kipimo cha damu wala picha ya ubongo ya kuithibitisha. Daktari alimpima macho na masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama mkaidi. Kisha akanipa fomu mbili, ya nyumbani na ya mwalimu. Sisi watengenezaji programu tunaelewa haraka: hitilafu inayotokea kwenye mashine moja tu huenda ni ya mashine hiyo. Ndiyo maana dalili lazima zionekane mahali pawili au zaidi, zidumu angalau miezi 6, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12.

Fomu ya mwalimu ilikaa wiki tatu. Iliporudi, ilikuwa karibu sawa na yetu.

Sasa anatumia methilfenideti, inayojulikana zaidi kwa jina Ritalin. Hupunguza hamu ya chakula, kwa hivyo tunampima uzito kila mwezi. Juzi alimaliza hesabu kumi bila kuinuka kitini. Mamangu bado haamini ugonjwa usioonekana, lakini alizihesabu mwenyewe, zote kumi.

Mzazi mwenzangu, usimhamishe mwanao kabla hajapimwa. Tabia utahama nayo.