Fomu ya Maswali Kumi na Mawili: Nilivyojifunza Kutafuta Wateja wa Bustani Mbeya na Iringa

  

Leo sina mapishi wala mshono mpya. Nataka kuwaeleza kazi yangu ya bustani, na karatasi moja ya maswali iliyoniletea wateja, halafu siku moja ikaniponza kwa ujinga wangu mwenyewe.

Mimi nimemaliza sekondari Unguja, nikasoma kozi ya ushoni, nikashona magauni ya harusi kwa miaka kadhaa. Nilipoolewa nikamfuata mume wangu Mbeya. Kitu cha kwanza nilichopanda nyuma ya nyumba ni mche wa mlangilangi niliotoka nao nyumbani. Nilitamani harufu ya kikuba, jamani! Ilipofika Julai mche wote umekauka. Kumbe mji wa Mbeya uko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba si mchezo. Mvua nayo ni msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Disemba mpaka Aprili hivi. Hakuna masika na vuli kama kwetu. Si kwamba huku hakuna maua. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, haiko mbali, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Lakini ni maua ya huku, yanayojua baridi ya huku.

Hapo nikaelewa kuwa kupenda bustani hakutoshi. Nikaungana na dada mmoja msanifu wa mandhari, aliyesoma Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Watu wengi hudhani kazi yake ni kupanda maua. Siyo. Anapanga eneo lote la nje: maji ya mvua yapite wapi, kivuli kiangukie wapi, gari ligeuzie wapi, nani anaona nini kutoka dirishani. Yeye anachora, mimi natafuta wateja na kusimamia mafundi.

Kazi yetu ya mwanzo Iringa ilitutia aibu. Tuliweka nyasi nzuri mbele ya nyumba, kila mtu akasifu. Septemba ikafika, nyasi zote zimekuwa rangi ya mkeka. Tulipouliza tukaambiwa kiangazi pale nyumbani wanategemea maji ya kununua, na mama mwenye nyumba hawezi kumwagia nyasi maji wakati watoto wanahitaji kuoga. Hatukumuuliza. Nikarudisha nusu ya pesa, na mwezi ule tulikula kwa mshahara wa mume wangu peke yake.

Usiku ule nikatoa daftari langu la zamani la vipimo. Kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nikajicheka. Hakuna fundi anayekata kitambaa cha bibi harusi kabla ya kumpima, na mimi nimekata kiwanja cha mtu kwa macho tu!

Basi tukaandika fomu. Ya kwanza ilikuwa na maswali arobaini, na hakuna aliyeijaza mpaka mwisho. Tukapunguza hadi kumi na mawili, kwa Kiswahili cha kawaida. Asiyependa kuandika anajibu kwa sauti kwenye WhatsApp. Baadhi ya maswali ni haya:

Asubuhi unapenda kukaa upande gani wa nyumba? Maji ya kumwagilia yanatoka wapi, na nani atamwagilia? Dirisha la jirani linaangalia wapi? Kamba ya kufulia iko wapi? Mkiwa na hitima, maulidi au harusi nyumbani, wageni huwa wangapi, na wanawake hukaa wapi? Watoto wana umri gani? Kuna mmea usioutaka kabisa? Na pesa tunaweka viwango vya kuchagua, kwa sababu mtu huona haya kutaja bajeti yake lakini haoni haya kutia alama.

Wallahi, swali la kamba ya kufulia limeniletea wateja kuliko tangazo lolote. Mwanamke akiliona anajua huyu anayeuliza anaijua nyumba. Akishajaza anamwambia dada yake, "Hebu nawe jaza, uone wanavyouliza." Hata asiyekuwa na pesa leo anaanza kuufikiria uwanja wake, na siku akipata anatukumbuka.

Nyinyi mabibi harusi nawapa siri moja. Nyumba ya maharusi tunatoa fomu mbili, mume yake na mke yake, kila mtu ajaze peke yake. Kuna maharusi wa Mbeya, bwana aliandika anataka maegesho ya magari mawili. Bibi aliandika anataka mchaichai, waridi na mahali pa kukaa na mama yake. Uwanja ni ule ule mmoja! Walicheka, wakakaa wakapanga. Ni bora kujua hayo kabla ya saruji kumwagwa.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mama mmoja wa Iringa, mtu mzima, alitujibu kwa uzuri sana. Kwenye nafasi ya mwisho aliandika kuwa tangu wakwe walipohamia kwake hajapata mahali pa kukaa bila mtandio, na anatamani kona moja tu ya uwani iwe yake. Msanifu akampangia ukuta wa mimea, benchi, mparachichi wa kivuli. Kazi ikatoka vizuri, mashaallah. Nami kwa furaha nikapiga picha ya ile kona, nikaiweka kwenye status pamoja na maneno yake aliyoyaandika. Jina sikulitaja. Nilidhani inatosha.

Geti lake lilionekana kwa nyuma. Jioni ile wakwe zake walishaiona.

Alinipigia simu. Hakupandisha sauti. Akaniambia, "Mwanangu, nilikujibu wewe. Sikuwajibu watu wa mjini."

Nikafuta, lakini maneno yakishatoka hayarudi. Nikapanda basi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya, kwenda kumwomba radhi. Alinipokea, akanipa chai, akanisamehe. Ila kazi ya mbele ya nyumba, ambayo tulishakubaliana, alimpa mtu mwingine. Na sikumlaumu. Amenifundisha kwa adabu.

Njiani kurudi niliwaza Suratun Nur, aya ya 27, inayotukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Nilijiona nimepiga hodi, nimekaribishwa vizuri, halafu nikawafungulia mlango watu wote. Majibu ya mteja ni amana. Na hata serikali inalitambua hilo: ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Tukabadilisha fomu. Swali la kumi na mbili sasa linasema: Unaruhusu tupige picha? Sehemu gani? Tuitumie wapi? Na juu kabisa tumeandika nani atasoma majibu: mimi na msanifu, basi. Wengi wanatia alama ya hapana kwenye picha za uwani. Niliogopa, nikasema biashara imekufa, bustani utaitangaza vipi bila picha?

Alhamdulillah, haikufa. Sasa ninachotangaza ni fomu yenyewe ikiwa tupu. Naiacha saluni, kwa muuza vitambaa, naituma kwa akina mama baada ya darsa. Wanaona maswali, na wanaona kuwa kuna swali la ruhusa. Mmoja aliniambia alituchagua kwa ajili ya swali hilo la mwisho tu.

Kwa hiyo dada yangu mwenye biashara, iwe ya keki, hina au mapambo, andika maswali yako. Yawe machache. Uliza lile ambalo mwanamke mwenzio anatamani kuulizwa. Kazi ikiisha rudi umuulize tena, hasa baada ya msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, kilichokufa na kilichostawi. Na alichokwambia, kikae kwako.

Mlangilangi sikuupanda tena. Nina waridi na rozmeri, na uwani kwangu asubuhi nakaa bila mtandio. Kikuba mama ananitumia kwa mgeni akipatikana.

Allah atuhifadhi aibu zetu na atubarikie riziki za halali. Aamin.