Kujifunza Baiskeli Ukubwani

Mtoto akianguka huinuka, akajipangusa vumbi, akaendelea na mchezo wake. Mtu mzima akianguka hutazama kwanza kama ameonwa. Katika tofauti hiyo ndogo mna sababu ya watu wengi kuishi hata uzeeni bila ya kujua mambo ambayo wangaliweza kujifunza kwa majuma mawili. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitimiza umri wa miaka 34, mwalimu mwenye cheti, mume, na baba wa watoto wawili, nami sikuweza kupanda baiskeli.

Jambo hili lilikuwa la ajabu zaidi kwa sababu ya mahali nilipozaliwa. Kwetu ni Busia, mji uliokaa mpakani mwa Kenya na Uganda. Huku mpakani, katika miaka ya 1960, vijana walianza kuwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja mpaka cha upande wa pili. Neno la Kiingereza la mpaka, likitamkwa mara mbili kwa ulimi wa kwetu, likawa jina lao: boda boda. Jina hilo likasafiri hata likaenea Afrika Mashariki nzima. Siku hizi pikipiki zimelirithi, lakini mwenye jina wa kwanza alikuwa ni baiskeli.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waendeshaji hao. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi na nzito, yenye mto juu ya keria kwa ajili ya abiria. Ilitulisha, ikatuvisha, ikanilipia karo ya shule na ya chuo cha ualimu. Walakini hapana mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Gurudumu likipinda, kesho yake hapana kazi, na jioni hapana unga. Siku moja alinikuta uani nimeushika usukani, najaribu kuisukuma. Hakunipiga. Alinishika bega akasema, "Mimi ninakanyaga ili wewe usikanyage. Nenda ukasome." Nilikwenda kusoma, na maneno yale nikayaweka moyoni kama amri. Nikakua nikiamini kuwa baiskeli ni kitu cha watu waliokosa kalamu.

Nilipopata kazi, imani hiyo ilianza kunigharimu. Shule ninayofundisha iko mwendo wa kilomita 9 kutoka nyumbani kwangu. Nililipa shilingi 100 za pikipiki kwenda na 100 kurudi; kwa siku 20 za kazi katika mwezi, shilingi 4,000 ziliishia njiani. Mwaka ule mwanangu wa kwanza alikuwa akianza shule, na mke wangu alikuwa ameacha biashara yake ya sokoni kwa maradhi ya mgongo. Usiku mmoja tuliketi tukaandika mapato yetu upande mmoja wa karatasi na matumizi upande wa pili. Pande hizo mbili zilikataa kupatana. "Mwalimu," akasema mke wangu, "nunua baiskeli." Nikamwambia kuwa watu wataniona. Akajibu, "Baiskeli haina haya. Mwenye haya ni wewe."

Nilinunua baiskeli kuukuu kwa shilingi 6,000, yaani nauli ya mwezi mmoja na nusu. Fundi aliyeniuzia, mzee mpole, aliniuliza kama naijua. Nilinyamaza, naye akaelewa. Aliteremsha kiti mpaka nyayo zangu zote mbili zikakaa chini, akazifungua pedali, akazitia mfukoni mwa karatasi, akanipa. "Juma hili, mwalimu, sukuma ardhi kwa miguu tu. Siku utakapoteleza mbali bila ya kugusa chini, njoo nizirudishe."

Yamkini mzee yule hakukusudia, lakini alinipitisha katika njia ile ile iliyopitwa na baiskeli yenyewe. Chombo alichokitengeneza Karl Drais wa Ujerumani mwaka 1817 kilikuwa na magurudumu mawili wala hakikuwa na pedali. Mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu. Ilipita miaka 68 kabla ya John Kemp Starley wa Uingereza kutoa, mwaka 1885, baiskeli yenye umbo tunalolijua leo, ambayo mnyororo wake huzungusha gurudumu la nyuma. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata haki ya uvumbuzi wa tairi la kujazwa upepo. Ikiwa werevu wa mataifa ulihitaji muda huo wote, majuma yangu machache hayakuwa aibu.

Lakini aibu haisikii hoja. Nilichagua kujifunzia katika uwanja wa mpira saa kumi na moja alfajiri, ili nisionwe. Giza lilinificha kweli kweli. Likanificha mimi, likanificha na mashimo. Pedali ziliporudishwa mambo yalizidi. Kila baiskeli ilipoinama kushoto, mimi kwa hofu niligeuza usukani kulia, na kila nilipofanya hivyo ilinibwaga. Nilianguka siku nne. Nilikwenda shuleni nikificha magoti yaliyochubuka, na darasani nikawa mkali kuliko desturi yangu.

Ukali huo ulimpata kijana mmoja wa darasa la sita. Yeye alisoma kwa kukwamakwama, kidole chake kikifuata mstari, akiogopa kila neno kama shimo. Siku ile nilimsimamisha asome. Akakwama, wenzake wakacheka. Badala ya kuwanyamazisha, nilimwambia aketi, na kwamba mtoto wa darasa la pili angalisoma vizuri zaidi. Aliketi, akafunga kitabu. Nakuandikia jambo hili, msomaji, kwa sababu ningependa kulisahau.

Alfajiri ya siku ya tano nilichelewa, kukawa kumekucha. Nilikuwa chini, baiskeli juu yangu, niliposikia mlio wa madumu matupu. Alikuwa ni kijana yule yule, akienda kuteka maji kwa baiskeli ya kwao. Ilikuwa kubwa kuliko yeye, hata aliipanda kwa kupitisha mguu mmoja ndani ya fremu, kwa kuwa hakukifikia kiti. Akasimama. Nilingoja acheke, maana alikuwa na haki. Aliegemeza baiskeli yake mtini, akaja akaiinua yangu, akasema, "Pole, mwalimu." Kisha akaendelea kwa sauti ya chini: "Ikiinama huku, igeuzie huku huku. Na usitazame gurudumu. Tazama unakokwenda." Aliyasema hayo yote bila ya kukwama popote.

Akashika keria, akakimbia nyuma yangu. Nilimtii kwa shida, kwa sababu mwili hukataa kuelekea upande unaouangukia. Lakini siri ya chombo hiki ndiyo hiyo. Gurudumu la mbele likifuata mwinamo, hurudi chini ya uzito wa mpandaji, na baiskeli husimama tena. Anayeukimbia mwinamo ndiye aangukaye. Baada ya kuzunguka uwanja mara tatu alisema kuwa maji yanangojewa nyumbani, akaenda zake. Aliporudi na madumu yaliyojaa alinikuta bado nazunguka peke yangu, jasho linanitoka, kwa kuwa hakuwa amenifundisha kusimama. "Breki ya nyuma kwanza, mwalimu!" akapaza sauti. "Ya mbele peke yake itakurusha!"

Siku hiyo niliingia darasani, nikakunja mguu wa suruali nikawaonyesha wanafunzi goti langu. Wakacheka sana, nami nikawaacha wacheke. Kisha nikawaeleza ni nani aliyenifundisha, na mbele yao nikamwomba radhi kwa neno nililomtupia. Hakujibu, alitazama chini, akitabasamu kidogo. Sitaki kukudanganya kwamba alisoma vizuri tangu saa ile. Tulikaa pamoja baada ya masomo kwa mihula miwili, nami nikajifunza kushika keria yake na kukimbia nyuma bila ya kumharakisha. Mwisho wa mwaka alisoma ukurasa mzima mbele ya wenzake, polepole, na hapana aliyecheka.

Nami nilianza kwenda kazini kwa baiskeli. Siku ya kwanza nilitumia dakika 50, upande wa kushoto wa barabara, nikipita kando ya msururu wa malori yaliyongoja kuvuka mpaka. Watoto waliniita kwa furaha. Watu wazima wengine walisimama kunitazama, mmoja akaniuliza kama mishahara ya walimu imepunguzwa. Nilipiga kengele nikapita. Sasa natumia dakika 35. Nimejifunza kuyabonyeza matairi kila asubuhi, kufunga taa jioni, na kushuka nikokote wakati wa masika, matope yajaapo kati ya gurudumu na madigadi.

Lilibaki jicho moja ambalo niliogopa kuliko yote. Jumamosi moja nilikwenda kumwamkia baba. Sasa ni mzee, na magoti yake hayana nguvu tena. Aliyaacha barabarani kwa ajili yangu. Aliketi kivulini, akanitazama ninavyokuja tangu mbali mpaka niliposhuka. "Baba," nikasema, "nimekanyaga." Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akanyosha mkono, akalibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. "Upepo hautoshi," akasema. "Utaharibu mpira wa ndani. Lete pampu iliyo nyuma ya mlango." Nilipoileta na kuinama nipige upepo mwenyewe, alinikataza. Akaishika pampu kwa mikono yake miwili, akaanza kuijaza.

Hapo nilifahamu kuwa baba hakunikataza baiskeli kwa kuidharau. Alitaka nipate kuchagua. Na wewe, msomaji wangu kijana, liko jambo ambalo unalikwepa leo kwa kuwa utaonekana hulijui. Pengine ni hesabu, pengine ni kuogelea, pengine ni kusema mbele ya watu. Usiende kulijifunza gizani. Gizani hapana akuchekaye, ni kweli, lakini hapana pia awezaye kukushikia keria.