Mikate ya Kumimina na Mshahara wa Hoteli

Jikoni kwenye hoteli moja ya Dar es Salaam, upande wa mikate na keki, niliingia nikiwa msichana wa kuosha trei. Nilipotoka, mimi ndiye niliyekuwa nikikabidhiwa funguo za stoo ya unga. Kwa hiyo watu waliponiuliza kwa nini sifungui biashara yangu nyumbani, swali lilikuwa na maana: mkono ninao, vyombo si vya bei kubwa. Wenzangu wa kikoba walinihimiza nithubutu tu. Kuthubutu hakukunisumbua. Nilichotaka kujua ni kama nyumba yangu ingeweza kunilipa kama hoteli ilivyonilipa, na hilo ujasiri haulijibu.

Hotelini kila kinachotoka jikoni kina kadi yake: gramu za unga, siagi, mayai, na bei ya kila kimoja. Msimamizi wetu hakutaka malighafi ipite theluthi moja ya bei ya mezani. Mgeni hushangaa kipande cha keki kuwa ghali. Hajui kwamba ndani yake kuna mshahara wangu, umeme, pango na sahani zilizovunjika. Basi mwaka 2019, kabla ya Ramadhani, nikaandika kadi ya mkate wa kumimina, ule wa kwetu Tanga, wa mchele na tui la nazi.

Mchele kilo moja shilingi 2,500. Nazi mbili 2,000. Sukari nusu kilo 1,400. Hamira, hiliki na mafuta 1,300. Mayai mawili 800. Makaa 1,000. Jumla 9,000, na kilo moja hunipa mikate minne. Kila mkate umeshakula shilingi 2,250 kabla sijajilipa hata senti, na mtaani ulikuwa ukiuzwa 3,000.

Ile 750 inayobaki wauzaji wengi huiita faida. Kwangu ni ujira, tena ujira mwembamba. Mchele unalowekwa usiku, nazi inakunwa alfajiri, unasaga, unasubiri uumuke, unautia moto wa chini, kisha unapalia makaa juu ya mfuniko mpaka uso upate rangi. Kwenye kupalia huwezi kuondoka hata kufuata chumvi dukani. Makaa yakizidi kidogo, uso unaungua na katikati bado uji.

Nikapiga hesabu kwa kurudi nyuma. Mshahara uliokuwa ukinifikia mkononi ni 380,000. Nikiuza kwa 4,000, juu ya bei ya mtaani, kila mkate unaniachia 1,750, kwa hiyo nahitaji mikate 218 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni tisa kila siku. Niliandika kumi, kwa sababu hotelini mwajiri alinichangia pensheni ya NSSF na nyumbani hakuna wa kunichangia.

Wakati huo vitambulisho vya wajasiriamali vilikuwa vikigawiwa, vile alivyovitoa Rais Magufuli Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 kimoja, kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Wengi walikifurahia, na walikuwa na haki, maana kiliwapunguzia kusumbuliwa barabarani. Lakini milioni 4 kwa mwaka ni kama 333,000 kwa mwezi, na hayo ni mauzo, mchele na nazi vikiwa bado ndani yake. Biashara iliyostahili kitambulisho kile isingeweza kunitoa hotelini. Ya kunitoa ingeuza zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, na hiyo ingetaka daftari la kila siku, na makadirio ya kodi ya TRA. Nikaamua kubaki kazini na kuijaribu biashara wakati wa likizo yangu, ambayo niliiombea mwezi wa Ramadhani.

Kabla ya kununua sufuria ya pili ilibidi nizungumze na nyumba. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Temeke, katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, na uani ni pa wote. Umeme wa LUKU tulichanga sawasawa kwa kila chumba. Siku blenda yangu ingeanza kunguruma alfajiri, ugomvi ungeiva kabla ya mkate. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Naomba kupika mikate ya biashara hapo uani."

"Marahaba, mwanangu. Na moshi utampelekea nani?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Tukakubaliana mbele ya wapangaji wengine: nitakaa kona ya ukuta wa nyuma, LUKU nitachanga mara mbili ya wenzangu, na asubuhi watoto wa shule wanapooga bomba si langu. Afisa afya nilimfuata mwenyewe, na kupima afya kwangu halikuwa jambo geni. Jikoni hotelini hukai bila cheti.

Ndani ya familia kazi ilikuwa ngumu zaidi. Baba watoto alitaka kujua kama pesa ya mikate ndiyo itakayolipa ada. Nilimwambia ada itoke kwenye mishahara yetu kama kawaida, na ya mikate iingie kwenye laini nyingine ya simu, M-Pesa yake peke yake, isiguswe hadi mwezi uishe. Hakupenda, akakubali. Mama mkwe nilimweleza kwamba kila Ijumaa kuna mkate wa nyumbani, na iliyobaki yote ina wenyewe.

"Kwa hiyo hata mimi ni mteja?"

"Ndiyo mama. Mteja wa kwanza."

Alininunia kwa muda. Nilivumilia, kwa sababu nimeona biashara za majumbani zikiliwa na ndugu, kipande kwa kipande, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Ramadhani ilinipa zaidi ya mikate kumi kwa siku, kwa 4,000, nikiifikisha kabla ya adhana ya Magharibi. Sifa za ndugu sikuziandika daftarini; niliandika mgeni aliyerudi kununua mara ya pili. Baada ya Idi mauzo yakashuka mpaka minne, mitatu. Nikarudi hotelini, nikawa napika siku za mapumziko tu, na nikatafuta wanunuzi wasiotegemea futari. Kantini mbili za Kurasini zikakubali kuchukua mikate niliyokwisha kuikata vipande.

Machi 2020 nchi ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, wageni wakakatika, hoteli ikatupeleka likizo bila malipo. Wenzangu kadhaa wa jikoni walianza maandazi na keki wiki hiyohiyo, wengine kwa mikopo ya riba inayokausha damu. Walijua kupika kunizidi. Mimi nilikuwa na kantini mbili, daftari, na uani ambapo ugomvi ulikwishamalizwa. Hoteli ilipoita watu warudi, nilifungua ukurasa wa mwezi ambao haukuwa na Ramadhani wala Maulidi, nikakuta wastani wa mikate kumi kwa siku. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Vijana wa hotelini bado hunipigia kuuliza kama na wao wako tayari. Sina jibu la simu. Njoo na kadi ya unachotaka kuuza, ujira wako ukiwa umeandikwa ndani yake, na mauzo ya mwezi usio na sikukuu. Kama umepanga chumba, njoo na mwenye nyumba pia.