Risasi Ndani ya Kopo

Neno "rangi" limetwikwa mzigo mzito. Kwa neno hilo moja Mswahili hutaja wekundu auonao kwa jicho, unga unaouleta wekundu huo, na hata uji mzito uliomo koponi. Huko Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kinachotazamana na kisiwa cha Kiwayu, mkanganyiko huu si jambo la darasani tu. Vyombo vinapopandishwa pwani kutengenezwa, rangi kuukuu hukwanguliwa, vumbi lake likapeperuka, nao watoto wako papo hapo wakicheza.

Msamiati wa kale wa mabaharia ulikuwa wazi zaidi. Sifa ni mafuta ya papa yapakwayo mbaoni. Deheni ni shahamu iliyochanganywa na chokaa, ipakwayo chini ya chombo kuzuia maji na wadudu watoboao mbao. Aliyepaka alijua alichokishika. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila cha kale ni salama: chokaa huunguza ngozi na jicho, zinjifuri, pamoja na utamu wa jina lake, ni zebaki na salfa, na baadhi ya wanja una risasi.

Kopo la dukani ni fumbo. Kwa miaka mingi weupe, umanjano na wekundu wa rangi za mafuta ulitokana na misombo ya risasi, metali ambayo Kiswahili kimeipa jina moja na kile kitokacho bundukini. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba dhidi ya rangi nyeupe ya risasi majumbani tangu mwaka 1921. Shirika la Afya Duniani nalo hupendekeza risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi. Hatari kubwa haimo katika rangi iliyoshika vyema ubaoni, bali katika vumbi na moshi wake. Mtoto aliyemeza risasi huweza kuifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake ndio uumiao. Ndiyo maana rangi kuukuu hulowanishwa kabla ya kusuguliwa, haichomwi kwa moto, na maganda yake huzolewa kwenye turubai badala ya kuachwa mchangani.

Maonyo haya mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi za kumtoa mtu machozi. Mwanaistilahi angeweza kuanza na mistari mitatu: Ina risasi. Usikwangue ikiwa kavu. Watoto wakae mbali.