Kwenda Arusha kuiona sheria iliyo juu

Basi dogo lilitoka Nairobi alfajiri, likapita Kitengela na Kajiado, na kabla jua halijawa kali tukawa Namanga. Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka ule. Nilijiandaa kwa foleni mbili, ya kuaga Kenya na ya kubisha hodi Tanzania, lakini dereva aliyapita majengo ya Kenya akatushusha ng'ambo. Humo ndani ya jengo la Tanzania alikuwa ameketi afisa uhamiaji wa Kenya. Akanigongea muhuri wa kutoka. Dirisha la pili, Mtanzania akanigongea wa kuingia.

Wenzangu walikuwa wameshakimbilia chai. Mimi bado naikodolea macho pasipoti. Yule Mkenya alikuwa akitekeleza sheria ya Kenya juu ya ardhi ya Tanzania, na wala hakuna aliyeshtuka. Anayempa ruhusa ni sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu vituo vya pamoja vya mpakani. Pale Namanga sheria ya Jumuiya na sheria za nchi zinaelewana vizuri. Mimi nilikuwa naenda kuona zinapogombana.

Jirani yangu wa kiti alikuwa wakili mzee wa Arusha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbugani?"

"Hapana, mahakamani. Ile ya Jumuiya."

"Una kesi?"

"Kuangalia tu, mzee."

Alicheka, na kuanzia Longido hadi Mlima Meru ulipojitokeza alinipigisha darasa. Ulaya, alisema, mkataba wao wa Roma haukusema lolote kuhusu sheria ipi iko juu. Ni majaji wa Luxembourg walioamua mwaka 1964, katika kesi ya Mwitaliano aliyegomea bili ya umeme. Sisi hatukuwaachia majaji. Mkataba wetu wa 1999, Ibara ya 8, unatamka wazi kwamba katika utekelezaji wake sheria za Jumuiya ziko juu ya zile za nchi zinazofanana nazo. Nikamwambia basi ugomvi umekwisha. "Subiri nikupe habari ya Nyong'o," akasema.

Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina tisa ya wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki. Mkataba unataka Bunge la nchi liwachague. Kanuni za Kenya ziliruhusu vyama kuteua, kisha majina yakapelekwa mbele tu. Mwanasiasa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda kushtaki Arusha. Tarehe 27 Novemba mahakama ikazuia wabunge hao wasiapishwe. Siku tatu baadaye wakuu wa nchi walikutana, na haukupita mwezi Mkataba ukawa umerekebishwa: mahakama ikagawanywa ngazi mbili, ya awali na ya rufaa, sababu za kumwondoa jaji zikaongezwa, na mlalamikaji akawekewa miezi miwili tu ya kufungua shauri. Majaji hawakurudi nyuma. Machi 2007 walihukumu kwamba kanuni za Kenya zilivunja Mkataba, na Kenya ikaandika nyingine.

Kwa hiyo nani alishinda? Mzee alisema mahakama. Mimi naona ilishinda kesi, ikalipa gharama kubwa, na bado inalipa. Kesho yake nilikaa nyuma kabisa katika ukumbi wake, ndani ya makao makuu ya Jumuiya, nikimsikiliza wakili wa serikali moja. Kwa muda mrefu hakugusa kama sheria ya nchi yake inavunja Mkataba au la. Alihesabu tarehe. Alizihesabu kwa Kiingereza cha taratibu, kidole kwenye karatasi, kuonyesha kwamba ile miezi miwili ilikwisha kabla shauri halijasajiliwa.

Hata anayeshinda hapewi polisi wala bailifu. Machi 2019 majaji walisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania vinakiuka Mkataba, wakaiagiza serikali ivirekebishe. Bunge lilirekebisha baadhi mwaka 2023. Miaka minne hiyo gazeti lilikuwa chini ya sheria ipi? Kwenye karatasi ni ya Jumuiya. Mhariri wa Dar es Salaam angekujibu vingine.

Iko njia nyingine isiyo na kelele, nami ndiyo ninayoiamini zaidi: Ibara ya 34. Hakimu au jaji wa nchi akikutana na swali la Mkataba katika kesi iliyo mbele yake anaweza kuisimamisha, akaiuliza Arusha, kisha akamaliza kesi mwenyewe, na hukumu inabaki kuwa ya nchi yake. Ila ilichelewa kuanza kutumika: Mahakama ya Jumuiya ilizinduliwa Novemba 2001. Swali la kwanza la namna hiyo lilitoka Mahakama Kuu ya Uganda, na lilijibiwa mwaka 2015.